Shaba ya Edison na Volti Zilizopotea Njiani

Tarehe 4 Septemba 1882, kituo cha Pearl Street mjini New York kilianza kusambaza umeme kwa nyaya za shaba zilizofukiwa chini ya barabara. Thomas Edison aliwasha taa zipatazo 400, na eneo alilokusudia kulihudumia halikuzidi maili moja ya mraba. Kilichombana ni waya.

Kila waya una ukinzani. Mkondo unapopita, sehemu ya volti huishia humo humo, na kadiri waya unavyorefuka ndivyo upungufu unavyokua. Edison alitumia volti 110. Zikipotea 10 njiani, taa ya mwisho hufifia waziwazi. Dawa iliyojulikana ilikuwa kunenepesha waya, lakini shaba ilikuwa ghali mno.

Edison akapanga upya nyaya zake. Alivuta nyaya za kulisha kutoka kituoni hadi katikati ya mitaa bila kuziungia taa hata moja. Upungufu mkubwa ukamalizikia humo, na nyumba za mtaa zikapata volti zinazokaribiana. Mwaka 1883, huko Sunbury, Pennsylvania, akaanzisha mfumo wa nyaya tatu uliookoa zaidi ya nusu ya shaba. Hata hivyo, umeme wake haukufika mbali.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kupandisha volti. Kwa nguvu ile ile, volti zikiongezwa mara kumi, mkondo hupungua mara kumi, na nishati inayopotea kwenye waya ule ule hupungua mara mia. Transfoma, kifaa cha kupandisha na kushusha volti, ndiyo iliyowezesha hilo kwa mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo mara kwa mara. Mwaka 1886, William Stanley alisafirisha umeme wa volti 500 huko Great Barrington, Massachusetts, kisha akaushusha hadi volti 100 kabla ya kuufikisha kwenye taa.

Ushahidi mkubwa ulitoka Ujerumani mwaka 1891. Maporomoko ya mto Neckar huko Lauffen yalizalisha umeme uliosafiri kilomita 175 hadi kwenye maonyesho ya Frankfurt, kwa nyaya tatu za shaba zenye kipenyo cha milimita 4 tu. Kwa volti 15,000, takriban robo tatu ya nguvu ilifika salama, ikawasha taa 1,000 na kuendesha pampu ya maporomoko ya bandia.

Kanuni hiyo ya kupandisha volti ndiyo inayouleta umeme wa bwawa la Kidatu, Tanzania, hadi Dar es Salaam kwa volti 220,000. Nyumbani, penye volti 230, bado waya mwembamba na mrefu huleta umeme mdogo. Anayevuta umeme hadi kwenye banda lililo mita 50 kutoka nyumbani amtajie fundi umbali huo na mashine atakazoendesha, kabla waya haujanunuliwa.