Bagala, Karanga na Ndege ya Ghorofa

Nachingwea haina reli. Iliwahi kuwa nayo: Waingereza waliifikisha hapo mwaka 1949 kutoka Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, kisha wakaiunganisha na bandari mpya ya Mtwara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Leo mkulima wa Mbekenyera, upande wa Ruangwa, anapeleka ufuta ghalani kwa pikipiki au Fuso, na wala haoni kama kuna kitu kimepungua.

Nimeanza na reli hiyo kwa sababu kisa cha ndege kubwa za abiria husimuliwa siku zote kama ugomvi wa Ulaya na Marekani. Airbus ilijenga A380, ndege ya ghorofa mbili, Boeing ikajenga 787, ndogo na nyepesi, Airbus ikashindwa. Simulizi hiyo si ya uongo, ila ni fupi mno. Kusini mwa Tanzania na pwani yake kuna mapokeo mengine mawili ya vyombo vikubwa na mipango mikubwa. Yakiwekwa kando ya A380, swali linabadilika: ni nani, au ni nini, kinaweza kusubiri chombo kikubwa kijae?

Tuanze na karanga. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta ya kula, Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe wa John Wakefield ulikuja, sehemu kubwa ya nchi ukaitazama kutoka angani, ukarudi na ripoti ya mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja. Zaidi ya nusu yangekuwa Jimbo la Kusini. Ekari milioni tatu na zaidi, ndani ya miaka sita! Wamwera walikuwa wakilima karanga hapohapo kwa jembe la mkono, wakichanganya na mtama na mihogo, lakini ukubwa wao haukuonekana kutoka kwenye ndege. Mwaka wa kwanza, kule Kongwa, katikati ya Tanganyika, lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Januari 1951 serikali ya waziri mkuu Attlee iliachana na mpango wote, na takribani pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Kinachonivutia ni mpangilio wa mambo. Reli na bandari vilijengwa kwa ajili ya mzigo ambao bado ulikuwa kwenye karatasi. Na serikali iyo hiyo, miaka ileile, ilikuwa ikigharimia ndege ya Bristol Brabazon: injini nane, mabawa ya mita 70, vitanda na ukumbi wa sinema, kwa abiria wapatao 100 tu. Ili njia ya kurukia huko Filton, kwenye kiwanda cha Bristol, irefushwe, kijiji cha Charlton kilibomolewa. Brabazon iliruka mara ya kwanza Septemba 1949, ikakosa mnunuzi, ikakatwa vyuma chakavu mwaka 1953. De Havilland Comet, ndogo zaidi lakini ya jeti, ilikuwa imeruka mwezi mmoja na siku chache kabla yake. Comet ilipata majanga yake, ikarekebishwa, na mwaka 1960 toleo lake la nne likaingia katika East African Airways. Aliyetazama anga la Nairobi mwaka huo aliona mshindi ni nani.

Sasa bagala. Hili lilikuwa jahazi kubwa la Bahari ya Hindi, tezi yake ya mraba imechongwa nakshi, na madirisha ya vyumba nyuma kama nyumba ya tajiri. Lilikuja na kaskazi kutoka Oman na Ghuba, likarudi na kusi. Hapa mapokeo ya pwani yanatofautiana kabisa na ya Filton: kungoja hakukuwa hasara. Upepo ulimngojesha kila mtu, nahodha, mfanyabiashara na abiria, na miezi ya kukaa Unguja, Kilwa au Lindi ilikuwa miezi ya kukusanya shehena. Chombo kikubwa kilijaa taratibu, na aliyetaka kuondoka mapema hakuwa na pa kwenda.

Halafu ikaja haraka. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza kubeba barua na watu hadi Unguja kwa ratiba. Bidhaa za thamani na wasafiri wenye fedha wakahamia huko. Wenye majahazi wakabakiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na boriti za mikoko, mizigo isiyolipia nakshi ya tezi wala mafundi wake. Bumu, jahazi lenye ncha mbele na nyuma na rahisi zaidi kuunda, likachukua nafasi. Baharia na mwandishi Alan Villiers aliposafiri kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji katika msimu wa 1938 hadi 1939, alipanda bumu la Kuwait. Bagala zilikuwa zimebaki chache, nyingine mbao zake zinaoza ufukoni.

A380 ni bagala iliyozaliwa baada ya meli ya moshi. Ilianza kubeba abiria Oktoba 2007, Singapore kwenda Sydney. Hesabu yake ilikuwa safi: gharama kwa kila kiti ingekuwa ndogo kuliko ya ndege nyingine za wakati huo. Lakini hesabu hiyo ni ya kiti kilichokaliwa. Ukiwa na viti 500, vile 300 vya kwanza unaviuza kwa bei yako, na 200 vya mwisho kwa bei ya anayenunua. Ndani ya ndege ya viti 250 hubaki nafasi ya kukataa. Zaidi ya hayo, tangu 1985 sheria za usalama zilikuwa zikiruhusu ndege za injini mbili kuvuka bahari zikiwa mbali zaidi na kiwanja cha dharura, kwa hiyo injini nne zikawa gharama bila faida. Mwenye haraka huchukua gari dogo la Noah linaloondoka sasa, na huliacha basi linalosubiri lijae hata kama nauli yake ni nafuu. Mashirika ya ndege yalichukua muda mrefu na mabilioni ya fedha kukubali jambo hilo. Februari 2019 Airbus ilitangaza mwisho, na Desemba 2021 ikakabidhi ya mwisho, ya 251. Kabla ya hapo, A380 mbili zilizotumika Singapore Airlines kwa miaka kumi tu zilikuwa zimeshafumuliwa huko Tarbes, Ufaransa.

Ila kuna Dubai, na hapo mtu anayesema "ukubwa umekufa" anapaswa anyamaze kidogo. Emirates ilinunua 123 kati ya zile 251 na bado inatumia nyingi kati ya hizo. Imefanikiwa kwa sababu ilijenga msimu wake yenyewe: ndege zinafika kwa mawimbi, saa chache mchana na usiku, abiria wa Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe wanamwagwa pamoja na wa Mumbai na Manchester, kisha wote wanapakiwa upya. Ni kaskazi na kusi ya kutengeneza. Mfanyabiashara wa Kariakoo aendaye Guangzhou amesaidia kuijaza A380 bila kujua, saa nne za kungoja kwenye viti vya Dubai zikiwa sehemu ya bei. Mpango huo haunakiliki kirahisi. Unataka kiwanja kisicholala na mwenye shirika awe rafiki wa mwenye kiwanja. Heathrow inalala usiku.

Kinachoweza kungoja kweli ni mzigo. Boeing walilijua hilo mapema: walipobuni 747 walipandisha chumba cha rubani juu ili pua ifunguke na kontena ziingizwe, wakidhani abiria watahamia ndege ziendazo kasi kuliko sauti. Hawakuhamia, lakini pua ile ndiyo iliyoirefushia ndege umri. 747 ya mwisho, ya 1,574, ilikabidhiwa Atlas Air Januari 2023, na ni ya mizigo. A380 ya mizigo haikuwahi kuruka. FedEx na UPS, walioiagiza, walijiondoa ucheleweshaji ulipozidi.

Hapo ndipo Mbekenyera inapoingia kwa haki yake. Ufuta wa Ruangwa unakusanywa gunia kwa gunia kwenye vyama vya msingi, unaenda ghala kuu, unauzwa kwa mnada chini ya RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Huo ni mkusanyiko mkubwa, na mkulima hulalamika malipo yakichelewa. Ufuta wenyewe haulalamiki. Mwishoni unaingia kwenye kontena, na meli za kontena zimezidi kukua wakati ndege za abiria zinapungua ukubwa. Karanga za 1947 nazo zingeweza kungoja reli. Kosa lilikuwa kuanza na reli na kuwaruka waliokuwa tayari na karanga mkononi.

Mashirika yetu ya ndege yamepita njia hiyohiyo ya vyombo vikubwa, kwa maumivu zaidi. Alliance Air, ya Afrika Kusini, Uganda na Tanzania, ilianza 1995 na Boeing 747SP, 747 iliyofupishwa ambayo hata Boeing wenyewe waliuza 45 tu; mwaka 2000 ikafungwa. Kenya Airways iliagiza 777-300ER tatu, kisha mwaka 2016 ikazikodisha kwa Turkish Airlines. Nachingwea, ambako East African Airways iliwahi kutua, haimo tena kwenye ratiba za abiria. Anayetoka Mbekenyera akitaka ndege ataifuata Mtwara, ambako Air Tanzania hutua na Q400 ya mapangaboi, viti 76, na mara nyingi vimejaa watu wanaotaka kuondoka siku hiyohiyo.