Taa ya magurudumu: Pima upepo kabla ya kubonyeza swichi

DEREVA anayeteremka alfajiri kutoka vilima vya Kilungu kuelekea Barabara Kuu ya Nairobi–Mombasa huenda akaona taa ndogo ya manjano ikiwaka kwenye dashibodi. Umbo lake ni la tairi lililokatwa katikati, na ndani yake mna alama ya mshangao.

Taa hiyo huashiria kwamba upepo umepungua katika gurudumu moja au zaidi. Wako madereva ambao hutafuta swichi yake, wakaibonyeza hadi taa izimike, kisha wakaendelea na safari.

Hilo ni kosa kubwa. Swichi hiyo haijazi upepo. Kazi yake ni kuiarifu kompyuta ya gari kwamba hali ya magurudumu wakati huo ndiyo hali ya kawaida. Ikibonyezwa tairi likiwa limelegea, kompyuta hukubali ulegevu huo kuwa sawa, na huenda isitoe onyo tena hadi mambo yaharibike kabisa.

Tairi lisilo na upepo wa kutosha hujipinda kila linapozunguka, likapata joto jingi na hatimaye kupasuka. Kati ya Emali na Mtito Andei, ambako magari madogo hupishana na malori kwa kasi, tukio kama hilo laweza kuangamiza maisha.

Mtambo huu ulienea baada ya Bunge la Marekani kupitisha sheria mwaka wa 2000, kufuatia ajali zilizohusishwa na tairi mbovu. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Nchini Kenya, ambako magari mengi huingizwa yakiwa yametumika ng'ambo, baadhi huwa nao na mengine hayana.

Aina mbili

Aina ya kwanza ina kipimo ndani ya kila gurudumu, aghalabu kwenye valvu, ambacho hutuma habari kwa mawimbi ya redio. Betri yake hudumu kati ya miaka mitano na 10 hivi.

Aina ya pili haina kipimo cha upepo. Hulinganisha mwendo wa magurudumu kupitia vifaa vya breki, kwa kuwa gurudumu lililolegea hupungua kimo kidogo na hivyo kuzunguka haraka zaidi ya mengine.

Hatua za kufuata

Kwanza, pima upepo tairi likiwa baridi, yaani gari likiwa limeegeshwa kwa muda wa saa tatu au zaidi. Usipunguze upepo wa tairi lililopata moto kwa safari au kwa jua la Kibwezi. Joto likishuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, presha ya gari dogo hupungua kwa karibu pauni moja na nusu. Ndiyo sababu taa huwaka asubuhi yenye baridi.

Pili, soma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huonyesha kilopaskali. 230 ni sawa na pauni 33 hivi. Usifuate nambari iliyochorwa ubavuni mwa tairi, kwani hicho ndicho kiwango cha juu kabisa linachoweza kuhimili.

Tatu, tafuta mwiba au msumari, ujaze upepo, kisha upime tena.

Nne, gari likiwa limesimama, washa swichi ya ufunguo bila kuunguruma injini. Katika magari mengi ya Toyota yaliyo na swichi hiyo chini ya usukani, ishikilie hadi taa imemeke polepole mara tatu. Katika Mazda, taa humemeka mara mbili na mlio husikika. Mengine hayana swichi. Hutumia menyu ya skrini, au taa hujizima gari likiendeshwa kwa dakika chache.

Rudia kazi hiyo ukibadilisha tairi, au ukiongeza upepo kwa ajili ya shehena ya maembe. Vivyo hivyo kwa dereva wa Kitui aliyepunguza upepo ili kuvuka mchanga wa mto mkavu: ajaze kwanza, kisha ndipo abonyeze.

Taa ikimemeka kwa dakika moja hivi kila gari liwashwapo, kisha ikabaki ikiwaka, hitilafu i katika mtambo wenyewe, pengine betri ya kipimo imekwisha. Kubonyeza swichi hakutasaidia. Fundi mwenye mashine ya uchunguzi ndiye atakayetambua gurudumu lenye kasoro.

Aidha, mwarifu fundi wa pancha mapema iwapo gari lako lina vipimo ndani ya magurudumu, asije akakivunja kimoja kwa chuma anapobandua tairi karibu na valvu.

Na hata taa ikiwa imezimika, pima upepo angalau mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari ndefu.