Ua la Usambara: Historia Yake na Utunzaji Wake

Kila mwanafunzi aliyesoma historia ya uchumi wa Tanzania amesikia habari za mkonge. Husimuliwa jinsi mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alivyoagiza miche yapata elfu moja kutoka Florida, na jinsi ilivyosalimika 62 tu ilipofika katika pwani ya Tanga mwaka 1893. Kutokana na miche hiyo michache yalitokea mashamba makubwa yaliyobadili sura ya nchi na maisha ya maelfu ya watu waliotolewa makwao kwenda kukata mkonge.

Lakini mwaka huo huo wa 1893 mmea mwingine ulikuwa umekwisha kupita njia ya pili. Wakati mkonge ukiingia Tanga, ua dogo la Tanga lilikuwa limefika Ujerumani, likapewa jina la kitaalamu na kuanza kuuzwa. Habari za mmea ule ulioingia tunazifundisha. Za huu uliotoka hatuzifundishi. Leo ua hili hupambwa madirishani mwa nyumba nyingi za Ulaya, Marekani na Japani, na huku nchini kwake wengi hulipita msituni wasijue kwamba ni lile lile. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya ua hilo, safari yake, na namna ya kulitunza ndani ya nyumba ili litoe maua kwa wingi.

Ua lenyewe

Mmea huu ni mfupi. Majani yake ni manene, yenye vinyweleo laini kama mahameli, nayo hujipanga kwa duara kuzunguka shina fupi. Maua huchomoza katikati juu ya vikonyo vyembamba. Yana rangi ya samawati iliyoiva au ya urujuani, na katikati yake pana vifuko viwili vya chavua vya manjano. Wajerumani huliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara, kwa kulifananisha na ua dogo la kwao lenye rangi hiyo, ijapokuwa mimea hiyo miwili haina udugu wowote. Waingereza nao huliita urujuani wa Afrika, na kwa jina hilo mnunuzi hawezi kutambua kama ua lake limetoka Senegali au Zululandi. Katika makala haya tutaliita ua la Usambara.

Makao yake ya asili ni misitu ya pwani na Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita katika nchi ya Kenya, kupitia Usambara na Nguru, hadi Uluguru. Aghalabu huota penye kivuli, juu ya miamba iliyofunikwa na mimea midogo ya kijani, kando ya vijito na katika mabonde yenye unyevu. Mizizi yake ni mifupi, nayo hushika katika tabaka jembamba la majani yaliyooza ndani ya nyufa za mawe. Msomaji na aikumbuke hali hiyo, maana ndiyo itakayotufundisha hapo baadaye jinsi ya kuunywesha mmea huu maji.

Jinsi lilivyopelekwa ng'ambo

Mzungu aliyesifiwa kwa kuligundua ua hili hakuwa wa kwanza kulichukua. Mwaka 1884 John Kirk, balozi wa Uingereza mjini Unguja, alipeleka mmea mmoja katika bustani ya Kew, karibu na London. Mwaka 1887 mmisionari W. E. Taylor alipeleka mwingine. Mimea hiyo iliyokaushwa haikuwatosha wataalamu kuueleza kwa ukamilifu, basi ikawekwa kabatini.

Ndipo alipokuja Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya ya Tanga katika miaka ya mwanzo ya serikali ya Kijerumani. Yeye aliukuta mmea huo mahali pawili: karibu na mji wa Tanga, penye miamba isiyo juu sana kutoka usawa wa bahari, na ndani ya misitu ya Usambara ya Mashariki. Alimpelekea baba yake, aliyekuwa mpenzi wa mimea huko Fischbach katika jimbo la Silesia. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland akaueleza mmea kitaalamu mwaka 1893 na kuuita Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ya jina ni heshima kwa ukoo wa mtawala yule. Sehemu ya pili yatokana na Kigiriki, na maana yake ni kwamba maua yake yafanana na urujuani. Mwaka huo huo likaonyeshwa katika maonyesho ya maua ya Ghent, nchini Ubelgiji, na mfanyabiashara wa mbegu Ernst Benary wa mji wa Erfurt akaanza kulisambaza.

Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa na walimu wa Kiswahili. Taylor, aliyepeleka mmea wake mwaka 1887, ndiye yule yule aliyekusanya methali za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1891, na ndiye aliyesaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa kuzihifadhi tungo za Muyaka bin Haji. Saint Paul-Illaire naye alichapisha mwaka 1890 kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wanafunzi wa lugha yetu, nao walijua kuuliza na kusikiliza. Walichukua methali, walichukua maneno, na walichukua maua. Kwa upande wa tungo, jina la Mwalimu Sikujua limehifadhiwa, nasi twamshukuru. Kwa upande wa ua, jina la mwenyeji aliyesema, "Njia ni hii, bwana," halimo katika jina la mmea wala katika masimulizi yake yanayorudiwa vitabuni. Nao watawala wa siku zile hawakuingia msituni bila ya viongozi wa njia na wapagazi. Miamba ile ilikuwa ikipitwa kila siku na Wadigo, Wabondei na Washambaa kabla ya mgeni yeyote kuiona. Tunaposema kwamba fulani aligundua, yatupasa kuuliza: aligundulia nani?

Kutoka ua hadi biashara

Jani moja la mmea huu likikatwa na kupandwa huzaa mimea mipya inayofanana na mama yake. Sifa hiyo ndiyo iliyorahisisha biashara, kwa kuwa aliyepata mmea mmoja mzuri angeweza kupata mamia bila ya kurudi Tanga. Katika miaka ya 1920 bustani moja ya Los Angeles iliotesha mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche kumi iliyo bora kuliko yote. Mmoja wao, ulioitwa Blue Boy, ukawa mzazi wa aina nyingi za baadaye: zenye maua meupe, ya waridi, yenye petali nyingi, na yenye kingo zilizokunjamana. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili wakaunda chama chao nchini Marekani.

Wataalamu nao waliendelea kuitafiti mimea ya mwituni. B. L. Burtt wa Edinburgh alifikia kuhesabu spishi yapata ishirini, na nyingi zilibeba majina ya mahali: Amani, Magunga, Tongwe, Shume, Taita. Baadaye idadi hiyo ilipunguzwa, maana zilionekana kuwa sura mbalimbali za spishi chache. Mwaka 2015 uchunguzi wa nasaba za mimea ulithibitisha kwamba ua hili ni tawi la jenasi kubwa iitwayo Streptocarpus, na jina lake likawa Streptocarpus ionanthus. Hivyo jina la mtawala wa Tanga limeondoka katika nafasi ya mbele.

Kulitunza na kulinywesha

Anayetaka kulifuga ua hili nyumbani au darasani hana budi kuufuata msitu. Kila kanuni ya utunzaji wake ina sababu yake kule kwenye miamba.

Kwanza ni udongo. Mmea huu hauutaki udongo mzito wa mfinyanzi. Changanya majani yaliyooza vizuri, mchanga safi usio wa bahari, na vipande vidogo vya mkaa, ili maji yapite na hewa ifike mizizini. Chungu kiwe kidogo, upana wake ukiwa kama theluthi ya upana wa mmea, na kiwe na tundu chini. Katika chungu kikubwa udongo hukaa na maji mengi kuliko yanayohitajika, na mmea huota majani bila kuchanua.

Pili ni maji, na hapa ndipo wengi hukosea. Mmea hufa kwa maji mengi zaidi kuliko kwa kiu. Mwamba huloa, lakini hautuamishi maji. Kwa hiyo gusa udongo kwa kidole. Ukiwa bado unyevu, acha. Uso wake ukikauka, nywesha. Weka chungu katika kisahani chenye maji, ukiache kwa muda wa nusu saa kinywe kutoka chini, kisha mwaga maji yaliyobaki. Wengine hupitisha utambi wa uzi katika tundu la chungu, ncha yake ikazama katika kopo la maji chini, na mmea ukajivutia kiasi unachohitaji kama taa ivutavyo mafuta. Mara moja kwa mwezi mwagilia kutoka juu, pembeni mwa majani, ili kuosha chumvi za mbolea zilizoganda.

Maji yawe na joto sawa na la chumba. Maji baridi yakidondokea jani lenye joto huua chembe zake za kijani, na jani hubaki na madoa meupe yasiyofutika. Wala yasiachwe yakatuama katikati ya mmea, kwa sababu kitovu chake kikioza, mmea wote hupotea.

Tatu ni mwanga. Ua la Usambara ni la kivulini, lakini halikai gizani. Linataka mwanga mwingi usio wa jua kali, kama vile dirisha la upande wa mashariki, au mahali pa wazi nyuma ya pazia jepesi. Vikonyo vya majani vikirefuka na kuelekea dirishani, mwanga ni haba. Majani yakipauka na kubanana katikati, mwanga umezidi. Mmea usiochanua, aghalabu kisa chake ni uhaba wa mwanga. Joto linaloufaa ni nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi.

Nne, ondoa maua yaliyonyauka na machipukizi yanayoota kando, ili nguvu iende katika kuchanua. Tia mbolea ya maji iliyozimuliwa sana. Kidogo mara kwa mara ni bora kuliko nyingi kwa mara moja.

Kwa kuzidisha mimea, kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake kifupi, ulichomeke katika mchanga wenye unyevu. Mizizi hutoka baada ya majuma matatu au manne, na miche midogo huonekana baada ya miezi miwili hivi. Hili ni jaribio jema la darasani. Hata hivyo, jani hilo litoke katika mmea uliofugwa, lisichukuliwe mwituni.

Dhamana yetu

Onyo hilo la mwisho lina uzito. Spishi na sura nyingine za ua hili zimebaki mahali pachache mno. Ile ya Taita inajulikana katika kilima cha Mbololo tu. Mmea wa kwenye mwamba hutegemea miti iliyo juu yake. Miti ikikatwa kwa mbao, au kivuli kikaondolewa kwa ajili ya mashamba, jua huupiga mwamba, unyevu huondoka, na mmea uliodumu hapo vizazi na vizazi hukauka kwa misimu michache. Misitu ya Usambara ya Mashariki imeshapunguzwa sana na mashamba ya chai, kilimo cha iliki na upasuaji wa mbao. Hifadhi ya mazingira asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, hulinda sehemu ya msitu uliosalia, nalo ni jambo la kushukuriwa.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1992 juu ya bayoanuwai ulikubali kwamba kila taifa lina mamlaka juu ya viumbe vyake, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaeleza jinsi faida itakavyogawanywa. Lakini ua letu lilikuwa limekwisha kuondoka karne moja kabla. Lililotoka limetoka, na wala si haki kumlaumu bibi kizee wa Hannover anayelinywesha ua lake kwa mapenzi dirishani.

Lililobaki ni letu. Aina nyingi zinazouzwa duniani zilianza kwa mimea michache iliyochukuliwa katika wilaya moja. Mingine iliyobaki porini bado inazo sifa ambazo bustani za ng'ambo hazinazo. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mwalimu wa Tanga, Muheza au Lushoto anayewapeleka wanafunzi wake msituni anaweza kuwaonyesha juu ya jiwe lenye maji jambo ambalo mwenziwe wa Berlin hulionyesha ndani ya chungu tu. Na awaonyeshe, awaambie jina la mahali walipo, na awafundishe kurudi nyumbani wakiliacha ua mahali pake.