Domino: samaki mdogo anayetaka tangi zima liwe lake

Katika maduka ya samaki wa mapambo barani Ulaya na Marekani, domino ni miongoni mwa samaki wa baharini wa bei nafuu. Akiwa mchanga ni mdogo kuliko kidole gumba, mweusi tii, na ana madoa matatu meupe: moja kila ubavu na moja kwenye paji la uso. Ni mstahimilivu na hula karibu kila anachopewa. Ndiyo maana mtu anayeanza kufuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani humnunua kwanza. Miezi michache baadaye huwakuta samaki wengine wamejibanza kwenye pembe ya tangi, mapezi yamechanika.

Jina lake la kitaalamu ni Dascyllus trimaculatus, na ni ndugu wa samaki wa rangi ya chungwa aliyepata umaarufu kupitia filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Huishi kwenye miamba ya matumbawe kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazosafirisha samaki hai wa mapambo waliovuliwa baharini.

Ugomvi wake una sababu. Kwenye mwamba, samaki mdogo asiye na pango la kukimbilia haishi muda mrefu, hivyo akilipata hulilinda. Msimu wa kuzaa ukifika, dume husafisha jiwe, jike hutaga hapo, kisha dume hubaki akiyapepea mayai kwa mapezi na kumfukuza yeyote anayesogea, hata aliyemzidi ukubwa mara kadhaa. Baharini, anayefukuzwa huogelea mita mbili tatu na kesi imekwisha. Katika tangi la lita 100 hana pa kwenda. Anafukuzwa asubuhi, mchana na jioni, anaacha kula, na hatimaye hufa. Domino naye anaendelea kukua. Anaweza kufikia sentimita 14, na madoa yaliyomvutia mnunuzi hufifia.

Kuna desturi ya zamani iliyoongeza tatizo hili. Tangi jipya huhitaji bakteria wa kubadilisha amonia inayotokana na kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Kazi hiyo huchukua takriban wiki nne hadi sita, na wafugaji wengi walikuwa wakimtia samaki wa jamii hii ili aianzishe. Kwa maoni yetu ni ukatili usio na sababu: amonia huunguza matamvua yake, na akinusurika, tayari amejiona mwenye nyumba kabla wengine hawajaingia. Siku hizi amonia hutiwa kwa vipimo bila samaki yeyote ndani.

Anayemtaka domino kweli amtie wa mwisho, katika tangi la lita 200 au zaidi lenye mawe yenye mapango mengi. Samaki mgeni akiongezwa baadaye, husaidia kuyapanga upya mawe siku hiyo hiyo, ili mipaka ya zamani ipotee na wote waanze upya. Kuwaweka watatu katika tangi dogo ndiyo hesabu mbaya kuliko zote, kwa sababu wawili wenye nguvu humwandama mnyonge.

Kwa anayeanza, tungemshauri jozi ya Amphiprion ocellaris, samaki wa aina ya Nemo, ambao wengi huzalishwa kwenye matangi badala ya kuvuliwa. Wote huanza maisha wakiwa madume. Mkubwa wa jozi huwa jike, na akifa, mwenzake hubadilika kuwa jike. Nao hulinda eneo lao, lakini kwa kawaida ni dogo. Maji yawe na chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita na joto la nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haikuondoka na mvuke.

Domino aliyekwisha kuwa mbabe ni vigumu kumnasa bila kutoa mawe yote. Baadhi ya maduka hukubali kumpokea. Asiachiwe baharini: samaki wa jenasi ya Pterois, wenye miiba ya sumu na asili ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, sasa wanawamaliza samaki wadogo wa Florida na Karibi, na inaaminika walitoka kwenye matangi ya watu.