Runinga ya Wananchi: Chaneli Inayolipiwa na Barabara ya Mtaa

Kwa kawaida, mtu wa mtaani akitaka kusema jambo kwenye runinga ana njia mbili: awe na pesa za tangazo, au angoje mwandishi wa habari amfuate. Marekani kuna njia ya tatu, na ina zaidi ya miaka 50. Ni runinga ya wananchi, yaani chaneli ya kebo iliyotengewa wakazi wa mji na vikundi vyao, ambako mwenye kipindi ni raia mwenyewe.

Msingi wake

Kampuni ya kebo haiwezi kufikisha picha majumbani bila kuchimba barabara au kutundika nyaya kwenye nguzo. Barabara ni mali ya umma, kwa hivyo mji huiambia kampuni: pita, lakini lipa. Sheria ya mwaka 1984 iliziruhusu serikali za miji kudai, ndani ya mkataba, chaneli za wananchi, za elimu na za serikali ya mji. Pia ziliruhusiwa kutoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya kampuni kutokana na kebo. Miji mingi hutumia sehemu ya fedha hizo kuendesha studio.

Ilivyoanza

Huko Manhattan, New York, chaneli za wananchi zilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka huohuo George Stoney na Red Burns walianzisha kituo katika Chuo Kikuu cha New York, kuwafundisha watu wa kawaida kutumia kamera za video za kubeba mkononi. Mwaka 1972 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamuru chaneli hizo ziwepo katika masoko 100 makubwa ya runinga. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikaifuta amri hiyo, ikisema tume haina mamlaka hayo. Ndipo Bunge likatunga sheria ya 1984.

Inavyofanya kazi

Mkazi au kikundi hujiandikisha, hupewa mafunzo ya kamera na uhariri kwa ada ndogo au bure, kisha huazima vifaa na kurekodi. Mara nyingi anayetangulia kuomba nafasi ndiye anayetangulia kupewa. Matangazo ya biashara hayaruhusiwi. Ndiyo maana utakuta wahamiaji wakizungumza kwa lugha zao, wazee wa mtaa, wahubiri, wanafunzi na wachekeshaji, wote kwenye chaneli moja.

Uhuru na gharama yake

Mlango ukiwa wazi kwa wote, hata usiyempenda ataingia. Mwaka 1988 kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan liliomba kipindi huko Kansas City, jimbo la Missouri. Baraza la jiji likapiga kura kuifuta chaneli nzima. Kundi lilikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata chaneli ikarudishwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba shirika binafsi linaloendesha chaneli za Manhattan si serikali, hivyo halibanwi na kifungu cha katiba kinacholinda uhuru wa kusema. Mjadala haujaisha.

Tishio la leo

Ada hutegemea wateja wa kebo, na wengi wameiacha na kuhamia intaneti. Wateja wakipungua, mapato hupungua, na studio hubaki na deni la umeme.

Na sisi Pwani?

Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika nchi kavu hapa Mombasa, na mawasiliano ya nchi nzima yakabadilika. Leo nyaya za intaneti zinapita mbele ya nyumba zetu. Sheria ya Kenya inatambua utangazaji wa kijamii, na redio za kijamii tunazo. Swali ambalo miji ya Marekani iliwahi kuliuliza kampuni za kebo bado ni halali Kisauni, Likoni na Malindi: anayepitisha waya kwenye barabara yetu, anatuachia nini? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asipouliza mapema, mgeni atapona peke yake.