Uingereza: Njia za changarawe zisizo na magari, na swali la nani ana haki ya kupita

Mashambani mwa Uingereza kuna njia nyingi za changarawe ambazo magari ya kawaida hayaruhusiwi kupita. Nyingi hazikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Ni mabaki ya reli, kingo za mifereji na barabara za wakata miti. Kwa hiyo anayetaka kuzitumia hana budi kujua mambo mawili: njia inaelekea wapi, na sheria inamruhusu nani kuipita.

Kutoka reli hadi njia ya baiskeli

Mwezi Machi 1963, Richard Beeching, mwenyekiti wa Bodi ya Reli ya Uingereza, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa vituo 2,363 na takriban kilomita 8,000 za reli. Si kila pendekezo lililotekelezwa, na baadhi ya reli zilikuwa zimeshafungwa kabla ya hapo. Hata hivyo, ilipofika miaka ya 1970, maelfu ya kilomita za matuta ya reli yalikuwa yamebaki bila treni.

Chuma kiling'olewa, lakini matuta, madaraja na mahandaki yalibaki. Kwa kuwa treni ya mvuke haikuweza kupanda mlima mkali, wahandisi wa karne ya 19 walichonga miamba na kujaza mabonde ili mwinuko uwe mdogo. Sifa hiyo ndiyo inayozifanya njia hizi zimfae mtoto anayejifunza baiskeli, mzee, na hata mtu anayetumia kiti cha magurudumu.

Mwaka 1977 wakazi wa mji wa Bristol waliunda kundi la Cyclebag, lililokuja kuwa shirika la hisani la Sustrans. Kati ya mwaka 1979 na 1986, reli ya zamani kati ya Bristol na Bath iligeuzwa kuwa njia ya baiskeli ya kilomita 21. Mwaka 1995 fedha za bahati nasibu ya taifa ziliwezesha kuanzishwa kwa mtandao wa nchi nzima. Lakini sehemu kubwa ya mtandao huo ilipitishwa kwenye barabara za kawaida. Mwezi Julai 2020 Sustrans yenyewe iliondoa au kubadilisha hadhi ya karibu robo ya mtandao, kwa sababu barabara hizo zilikuwa na magari mengi au ya kasi kiasi cha kuhatarisha maisha.

Baadhi ya njia mashuhuri

Katika Hifadhi ya Taifa ya Peak District, njia ya Monsal inafuata reli iliyofungwa mwaka 1968, kwa urefu wa takriban kilomita 14 hadi Bakewell. Kwa miaka mingi mahandaki yake yalizibwa kwa sababu za usalama, na wapitaji walilazimika kuyazunguka. Yalifunguliwa Mei 2011, yakiwekewa taa zinazowaka mchana.

Karibu na hapo kuna njia ya Tissington, yenye kilomita 21, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kuwa miongoni mwa reli za kwanza nchini kugeuzwa njia ya burudani. Inakutana na njia ya High Peak, ambayo inahitaji tahadhari zaidi. Reli yake ilikamilika mwaka 1831, kabla uwezo wa vichwa vya treni haujakua, na mabehewa yalivutwa kwa kamba na injini zilizosimama mahali pamoja juu ya kilima. Ndiyo maana penye mteremko wa Middleton njia hushuka takriban mita moja kwa kila mita nane. Asiye na breki nzuri ni heri ashuke na kuisukuma baiskeli.

Kusini-magharibi, njia ya Camel katika jimbo la Cornwall ina urefu wa kilomita 29 na hufuata mto hadi bandari ya wavuvi ya Padstow. Kaskazini, njia ya Lakeside inazunguka ziwa la kuchimbwa la Kielder kwa zaidi ya kilomita 40. Si reli ya zamani, hivyo inapanda na kushuka. Katika New Forest, kusini mwa nchi, zaidi ya kilomita 160 za barabara za msituni zimewekewa alama kwa ajili ya baiskeli. Huko farasi wa msituni hutembea huru, na nje ya njia zenye alama baiskeli haziruhusiwi.

Anayetaka safari ndefu huchagua South Downs Way, kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne. Waendesha baiskeli wanaruhusiwa kuipita kutoka mwanzo hadi mwisho. Ardhi yake ni ya chokaa: wakati wa kiangazi hukauka na kuwa ngumu, lakini mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Rangi za mishale

Uingereza ina takriban kilomita 190,000 za njia ambazo umma una haki ya kisheria ya kuzipita, lakini zaidi ya robo tatu ni za waenda kwa miguu peke yao. Mwendesha baiskeli alikuwa hana haki katika njia za farasi hadi Sheria ya Mashambani ya mwaka 1968 ilipomruhusu, kwa sharti kwamba awapishe waenda kwa miguu na wapanda farasi.

Tofauti hizo huonyeshwa kwa rangi za mishale kwenye vibao na nguzo. Mshale wa njano ni njia ya miguu tu. Wa buluu ni njia ya farasi, na baiskeli inaruhusiwa. Wa zambarau ni njia iliyo wazi kwa baiskeli na magari ya kukokotwa na farasi, bila magari yenye injini. Mwekundu ni njia iliyo wazi kwa wote, magari yakiwemo. Baiskeli ya umeme inayotimiza masharti ya sheria, yaani ya kukanyagwa, yenye nguvu isiyozidi wati 250 na msaada unaokoma kwenye kasi ya kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa kama baiskeli ya kawaida, mradi mwendeshaji awe na umri wa miaka 14 au zaidi.

Kando ya mifereji hali ni tofauti. Njia hizo zilitengenezwa kwa farasi waliovuta mashua, na mahali pengi baiskeli hupita kwa ruhusa ya mwenye mali, si kwa haki. Ruhusa inaweza kuondolewa; haki haiondolewi kirahisi. Ng'ambo ya mpaka, Scotland ilichukua mkondo mwingine: sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu, mwenye baiskeli akiwemo, haki ya kupita sehemu kubwa ya ardhi ilimradi atende kwa uangalifu.

Kabla ya kuondoka

Kwa reli za zamani, baiskeli yoyote yenye tairi pana kiasi inatosha. Tairi nyembamba za mashindano huzama kwenye changarawe na kupata pancha upesi. Inafaa kubeba tyubu ya akiba, pampu, na taa kwa ajili ya mahandaki. Kengele ipigwe mapema, si mgongoni mwa mtu. Kwa farasi, sauti ya binadamu ni bora kuliko kengele: mwendeshaji apunguze mwendo, asalimu, na asubiri kuruhusiwa kupita. Geti lililokutwa limefungwa lifungwe tena, kwani nyuma yake kuna mifugo.

Mapengo yaliyobaki

Reli zilipofungwa, vipande vya ardhi viliuzwa na madaraja mengi kubomolewa. Ndiyo maana njia nzuri mara nyingi hukatika ghafla na kumwacha msafiri katikati ya magari. Thamani ya daraja moja ilionekana mwaka 2021 huko Great Musgrave, katika jimbo la Cumbria, wakala wa barabara kuu ulipojaza zege na mawe chini ya daraja la reli la karne ya 19. Wahandisi, wapenda reli na waendesha baiskeli walipinga. Mwaka 2022 halmashauri ilikataa kuidhinisha kazi hiyo, na mwaka uliofuata kifusi kikaondolewa.

Pengo jingine limo kwenye makaratasi. Njia nyingi za kale hazijaandikwa katika ramani rasmi za haki ya kupita. Sheria ya mwaka 2000 iliweka kikomo cha kuziandikisha kuwa mwaka 2026, kisha kikasogezwa hadi 2031. Mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba itakifuta kikomo hicho. Hata bila kikomo, kazi ya kuthibitisha kila njia kwa ramani na hati za kale imebaki mikononi mwa wananchi wanaowasilisha maombi, na halmashauri zinazoyapokea.