Mizinga Iliyosingiziwa

Katika miaka niliyofundisha historia chuo cha ualimu, na baadaye nilipokuwa mkuu wa shule, nilisahihisha majibu mengi juu ya kuanguka kwa Singapore katika Vita Kuu ya Pili. Jibu lililorudi mwaka hata mwaka lilikuwa fupi: Waingereza walishindwa kwa kuwa mizinga yao ilielekea baharini na haikuweza kugeuka, Wajapani wakaja kwa nyuma. Wanafunzi walilipenda jibu hilo. Linachekesha, halisahauliki, na linamwaibisha mkoloni. Ubaya wake ni kwamba linalisingizia zege makosa ya watu.

Singapore ni kisiwa kidogo kwenye ncha ya kusini ya Malaya, kilichotengwa na bara kwa mlango mwembamba wa bahari. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliamua kujenga huko bandari kubwa ya manowari. Hesabu yao ilikuwa hii: Japani ikianzisha vita, manowari zitoke Ulaya ziende kuilinda milki ya mashariki, na mpaka zifike, mizinga ya pwani itamzuia adui asiingie bandarini.

Mizinga iliyojulikana zaidi iliwekwa Changi, mashariki ya kisiwa. Ilikuwa mitatu, ya inchi 15, ya aina ile ile iliyofungwa kwenye manowari kubwa. Mtutu mmoja ulikuwa na urefu wa mita 16 na zaidi, na uzito wa tani 100 hivi. Kombora lake lilikaribia kilo 880 na liliweza kwenda zaidi ya kilomita 30. Chini yake palichimbwa mahandaki ya zege ya kuhifadhia makombora na baruti. Mahali hapo paliitwa Johore Battery, kwa heshima ya Sultani wa Johore, aliyetoa zawadi ya pauni 500,000 mwaka 1935, Mfalme George wa Tano alipotimiza miaka 25 ya utawala.

Mizinga hii ilijengwa kwa kazi moja, kupigana na manowari. Kwa kazi hiyo ilifaa, na huenda ndiyo sababu Wajapani hawakuijaribu kwa upande huo. Mwenye nyumba akiweka komeo la chuma mlango wa mbele, mwizi hapotezi muda wake hapo.

Je, hakuna aliyeufikiria mlango wa nyuma? Yupo. Kwa muda mrefu wakubwa wa jeshi waliamini kwamba misitu ya Malaya haipitiki, na kwamba majira ya kaskazi, bahari inapochafuka pwani ya mashariki ya Malaya, hakuna jeshi linaloweza kushuka ufukweni. Sisi wa pwani hii tunaijua kaskazi kwa upande mwingine: ndiyo iliyoleta majahazi kwetu. Lakini mwaka 1937 Jenerali Dobbie, kamanda wa Malaya, alionya kwamba majira hayo hayazuii kitu. Mawingu yake yangemficha adui asionekane na ndege. Afisa wake mkuu, Arthur Percival, aliandika tathmini iliyoonyesha kwamba Wajapani wangeweza kushuka kusini mwa Siam na Kota Bharu, kisha wateremke kwa nchi kavu hadi Singapore.

Wakafanya hivyo hivyo. Walishuka Kota Bharu Desemba 1941, katika kaskazi. Tarehe 10 mwezi huo ndege zao zilizizamisha manowari mbili, Prince of Wales na Repulse. Wakateremka Malaya, wengine kwa baiskeli, na usiku wa tarehe 8 Februari 1942 wakavuka mlango wa bahari kaskazini-magharibi ya kisiwa. Tarehe 15 Februari Singapore ikasalimu amri. Jenerali aliyekwenda kutia sahihi alikuwa yule yule Percival. Alichokiona kwenye karatasi miaka mitano kabla, alikiona sasa kwa macho.

Na mizinga? Mingi kati yake iligeuzwa ikaelekezwa bara, na ile ya Changi ilifyatua kuelekea Johore na magharibi ya kisiwa. Tatizo lilikuwa makombora. Karibu yote yalikuwa ya kutoboa chuma cha manowari. Kombora la namna hiyo hupenya kwanza, ndipo lilipuke. Likiangukia tope au msitu, huzama ardhini na nguvu yake nyingi hupotelea humo. Mtutu uligeuka, lakini bohari lilikuwa limejazwa kwa vita vingine. Mwishowe Waingereza wakailipua mizinga yao wenyewe isitekwe.

Waliolipa gharama hawakuwa waliopanga. Zaidi ya askari 80,000 walitekwa. Tarehe 20 Februari, katika ufukwe wa Changi, si mbali na mahandaki yale, wanaume 66 wa Kichina, raia, walipigwa risasi. Walikuwa wachache tu kati ya maelfu waliouawa katika majuma yale.

Gharama hiyo ilifika hata kwetu. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon Aprili 1942, manowari za Waingereza zilirudi nyuma mpaka Kilindini. Kwa hofu kwamba Madagaska ingefuata, Waingereza waliivamia Diego Suarez tarehe 5 Mei 1942. Mizinga ya Wafaransa wa Vichy ililinda mlango wa bandari, upande wa mashariki. Waingereza wakashuka magharibi, wakaja kwa nyuma. Somo la Februari walikuwa wamelielewa, ila walilitumia kwa kumvamia mwingine. Septemba mwaka huo askari wa Keya walikuwa Madagaska, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapigana Burma, katika bonde la Kabaw. Baba yangu mdogo alikuwa huko. Alikuwa akisimulia matope, homa na nyumbu waliobeba mizigo. Singapore hakuwahi kuitaja. Hakuna aliyemweleza kwamba safari yake ilianzia katika kabati la ofisi, mahali karatasi ya 1937 ilipolala.

Ndiyo maana sikuridhika na lile jibu fupi. Uvumi wa mizinga isiyogeuka unampendeza kila mtu. Mshindwa hupata kisingizio, maana chuma hakijitetei. Anayemcheka hupata kicheko. Wote wawili huepuka swali gumu: mtu akishaonya, tena kwa maandishi, kwa nini hasikilizwi? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa onyo lilitolewa, na guu lililovunjika lilikuwa la watu wengine.

Mwaka 1991 mahandaki ya Johore Battery yaligunduliwa upya chini ya majani, na leo mfano wa mzinga umesimamishwa pale kwa watazamaji. Mwalimu kijana anayefundisha mada hii asiishie kwenye mtutu. Awaulize wanafunzi nani aliagiza yale makombora, nani aliisoma ile tathmini, na alifanya nini baada ya kuisoma. Kisha awaulize ni karatasi gani zimelala katika makabati yetu sisi.